Mpini wa Mama Tusa

Mtoto akifikisha siku arobaini, mama yake hupewa bastola kliniki, pamoja na kadi ya chanjo. Nilikuwa namnyonyesha Tusajigwe wakati Fundi Lwitiko aliponipa mpini ukiwa bado laini kama unga wa maandazi.

"Finya, mama Tusa. Usipoenea kiganja chako, bastola itakupiga teke mpaka kiwiko kikuume. Italia 'ti' ikikutambua. Isipolia, haifyatuki."

"Na nikinenepa je?"

"Utanenepa nao. Mpini unamfuata mwenyewe."

Nikafinya. Tusa akaachia ziwa, akanyoosha kijikono chake na kufinya pembeni ya vidole vyangu, vikabaki vijishimo vinne. Fundi akacheka sana. "Huo ukumbusho, uache!"

Nikauacha.

Sasa Tusa ana mwaka na nusu. Jana nikiwa nachambua mchele nilisikia 'ti' chumbani. Nilimkuta amekaa sakafuni na bastola mapajani, vidole vyake vinne vimelala ndani ya vijishimo vyake. Nilimpokonya polepole, huku nikimwimbia. Nikaifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikajipa moyo: atakua, vile vijishimo vitamkataa.

Leo asubuhi nimempima vidole kwa uzi, nikamfunga mgongoni, nikafungua kabati kupima vijishimo. Vimelingana naye sawasawa. Mahali pa vidole vyangu pameanza kujaa.

Nikaishika bastola kama nilivyofundishwa. Ikakaa kimya.

Tusa, mgongoni, akaunyooshea mpini mkono juu ya bega langu.