Kilengeo Cheusi

Shamte ndiye aliyemfundisha mkewe Mwanaidi kulenga shabaha, lakini klabu ya mji ilipochagua mtu wa kwenda mashindanoni, ilimchagua Mwanaidi. Ndiyo maana asubuhi hiyo walikuwa kwa fundi wa silaha, na Shamte ndiye aliyeshika mkoba wa mkewe.

Fundi alikuwa amekwisha kulainisha kifyatulio cha bastola. Mwanaidi alikijaribu, bastola ikiwa tupu.

"Mkono wako umetulia kweli, mama," fundi akamsifu.

Shamte hakuulizwa chochote. Akauhamishia mkoba wa mkewe mkono wa pili.

Kilibaki kilengeo, kile kipande cha juu ya mtutu cha kulengea shabaha. Fundi aliweka viwili mezani, kimoja chenye nukta ya kijani inayong'aa, kingine cheusi kitupu.

"Baba Shufaa, wewe ungechukua kipi?" Mwanaidi akamgeukia mumewe. "Mimi nakusikiliza wewe."

Shamte alijua jibu. Macho ya mkewe yalikuwa yameanza kufifia. Kitu cheusi mbele ya shabaha nyeusi kilimpotea kabisa. Siri hiyo Mwanaidi alikuwa amemwambia Shamte peke yake.

"Cheusi," akasema. "Hicho cha kijani kitakuyumbisha macho."

"Una hakika, bwana?" fundi akauliza.

"Namjua mke wangu."

Mwanaidi akatabasamu. Fundi akakifunga kilengeo, akamrudishia bastola yake tupu. Mwanaidi aliielekeza kwenye duara jeusi lililochorwa ukutani, akafumba jicho moja, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Baba Shufaa," akaita polepole, bila kuishusha.