Tone la Ndimu

Bakteria waliofugwa kulainisha ukali wa mvinyo walishahamia vinywani mwa watu wote wa Dodoma, na hawatoki hata usugue meno kwa majivu. Chochote kichachu wanakigeuza ladha ya maziwa papo hapo ulimini.

Ndiyo maana mimba ilimtesa sana mke wangu, Nyemo. Kila asubuhi alitapika, akaniomba kitu kichachu cha kumtuliza. Nikamletea ndimu, ukwaju, hadi zabibu mbichi kutoka shambani. Alitafuna, akatema.

“Maziwa tu, mume wangu. Vyote ladha ya maziwa.”

Tumbo likakua, yeye akakonda, nami kazi yangu ikawa kumshikia beseni.

Alipojifungua, mkunga alituonya: “Mtoto bado hana wadudu hao. Msimbusu mdomoni, mtamwambukiza.”

Jana nilimkuta Nyemo akimdondoshea mtoto tone la ndimu ulimini. Mtoto akakunja uso, akatetemeka mwili mzima.

“Umeona, mume wangu? Anausikia uchachu!” Nyemo alicheka huku machozi yakimtoka. Na kwa furaha hiyohiyo, kabla sijanyoosha mkono kumzuia, akamwinamia mwanawe akambusu mdomoni.

Leo nimemdondoshea mtoto tone jingine la ndimu. Amelinyonya kama maziwa.