Karakana Imefungwa

Olinka aliingia chumba cha kutenga wagonjwa, barakoa ikiwa upande, simu mkononi, anahema kama aliyefukuzwa na dubu.

"Mjomba Wassillie, amka. Nimetoka maabara mbio."

"Sijalala, nimejinyoosha tu," mjomba akajibu kutoka kitandani. "Kwani wamekuajiri kazi au mbio?"

Kifua kikuu sugu ndicho kilichomtoa kijijini kwao, kando ya mto Kuskokwim, kikamleta hospitali ya jiji la Anchorage. Jibu la leo ndilo lingeamua: arudi nyumbani kuchonga vinyago vyake, au akatwe pafu.

"Ile dawa mpya, nilikwambia inavyofanya kazi?"

"Mpaka naiota. Vijidudu vina karakana za kuundia protini. Dawa inajibanza humo, kazi haianzi. Bila protini havikui, havizaani."

"We mjomba, ungekuwa profesa."

"Na karakana zangu mimi?"

"Zako zina muundo mwingine. Ila zile ndogo kabisa, zinazozipa seli nguvu, zinafanana kidogo na za vijidudu, na dawa ikizifunga hizo, macho huumia. Ndiyo maana wanakupima macho kila mwezi. Yakileta shida tu, dawa wanaikata. Umepimwa?"

"Nimefaulu. Herufi zao nimeshazikariri." Akacheka mpaka akakohoa. "Miguu tu ndiyo imekufa ganzi. Ni baridi ya humu ndani."

"Ni uvivu wa kulala, mjomba. Sasa sikia. Mwanzoni tulipootesha makohozi yako, chupa ilijaa vijidudu, kama mtu kamwagia makombo ya mkate. Nesi akaogopa hata kuishika." Akamsogezea simu karibu na pua. "Hii ndiyo picha ya chupa ya leo. Unaona nini?"

Mjomba akakodoa macho.

"Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo, mjomba. Hakuna kitu. Karakana zao zimefungwa, zote. Pafu halikatwi. Unarudi nyumbani."

Akamrukia kifuani, anacheka huku analia. Mzee akampapasa bega, shingo, kisha shavu, kidole kikatua kwenye machozi.

"Dawa imekwisha kweli? Hawawezi tena kunikatizia?"

"Imekwisha. Umepona."

"Basi washa taa, mpwa wangu," akasema. "Nikuone unavyofurahi."

Olinka akageuka taratibu. Dirishani theluji iling'aa mpaka inaumiza, na jua la adhuhuri lilikuwa limemjaa mjomba usoni.