Mtungi Mgongoni

Asubuhi hiyo ya theluji kule ugenini Longbridge, jiko la gari tunamoishi liligoma kuwaka.

"Gesi imeganda, Mama. Twende kanisani tukaote moto."

Mama aliuchomoa mtungi mdogo wa gesi. Akaubeba mgongoni, akaufunga kwa kitenge, akavaa koti juu yake. Akaanza kutembea, hatua tatu hadi mlangoni, hatua tatu kurudi, akiupigapiga polepole na kuuimbia wimbo niliousikia mara ya mwisho nikiwa mdogo. Ghafla nikakumbuka harufu ya makaa na maziwa.

"Mama, hicho ni chuma tu."

"Gédéon, siku tulikimbia vita kwetu Masisi, wewe ulikuwa baridi kuliko hiki chuma. Wote waliniambia nikuzike. Mimi nikaendelea kutembea."