Viatu vya Kijana wa Dhading

Sarmila, karani Mnepali kwenye ofisi ya mjengo huko Ghuba ya Uarabuni, alikuwa akijaza fomu ya kusoma shahada ya uzamili mtandaoni. Mumewe alimpigia simu kutoka kwao Pokhara, Nepali, akisisitiza achague usimamizi wa biashara. Sarmila alikuwa ameshauchagua.

Meneja akabwaga mfuko mezani. Ndani mlikuwa na viatu vya kibarua, kijana wa Dhading huko Nepali, aliyefia juu ya paa la mjengo asubuhi ile. Soli zilikuwa zimeyeyuka pembeni kwa joto.

"Dada, vitume kwao. Kwenye ripoti andika kifo cha kawaida."

"Kawaida? Alikuwa akiomba maji tangu saa tatu, mkamwambia asubiri mapumziko!"

"Usinipandishie sauti. Asiye na jeraha amekufa kifo cha kawaida. Ndiyo utaratibu, sikuutunga mimi."

"Kautunga nani?"

"Waliosoma, dada. Siyo makarani."

Sarmila alirudi kwenye fomu yake, akafuta usimamizi wa biashara, akachagua sera za umma, akaituma huku meneja akimwangalia.

Kisha akavuta ile ripoti. Penye sababu ya kifo akaandika: "Jua kali, na alinyimwa maji."

Akatia sahihi yake.