Dagaa Kumi na Mmoja

Jumanne, tarehe 9 Juni. Ukungu, na mvua ya rasharasha.

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya jalada la daftari, kwa herufi kubwa za mraba. Mwanamke aliinua macho dirishani. Kweli, ukungu. Akafungua ndani na kuendelea kukariri.

"Ureno. Dagaa wa kuchoma, wakubwa kama kiganja. Yeye alikula kumi na mmoja, mimi nikahesabu miiba. Japani. Tambi za moto, tukila tumesimama, kila mtu anazivuta kwa kelele na hakuna anayeona haya. Yeye aliungua ulimi. Peru. Pilipili ya manjano iliyoniliza mbele za watu."

Aliyasoma kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Hayakumchoma wala kumpoza. Daftari lilisema "mimi" na "yeye", na huyo "mimi" alipaswa kuwa ni yeye. Hata kurasa zilikuwa za manjano na wino umepauka. Mzee yule aliyeniletea ametafuta daftari kuukuu, aliwaza, ili ofisa wa mahojiano asishuku.

"Leo ndio mtihani!" alisema jirani wa kitanda cha pili, mama mnene ambaye wote walimwita Shangazi. "Soma, bibi harusi. Ukianguka, uji wa hapa unakusubiri, na uji huu haujawahi kuona sukari."

"Nimeshakariri hadi Peru."

"Si haba. Mzee wako naye hachoki. Kila siku yuko hapa na daftari lake, kama mwalimu wa ngumbaru."

"Kila siku?"

"Wewe nawe!" Shangazi alicheka hadi kitanda kikalia.

Mwanamke hakucheka. Alipiga magoti kando ya kitanda akasali, sala ndefu, bila kutafuta neno hata moja. Mwishoni aliongeza la kwake. Ee Mungu, leo wanataka niseme mambo ambayo sikuyaona. Usiniache nikadanganya.

Mzee alikuwa akimngoja kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa ofisi. Shati lilipigwa pasi, viatu vilikuwa na matope. Walinzi wa getini walimwita Fundi, kwa kuwa alifanya kazi maisha yake yote kwenye injini za meli za mizigo. Mwanamke alimwuliza jina lake halisi. Akamtajia. Baada ya kitambo akamwuliza tena, na mzee akamtajia tena kwa sauti ileile, kama mtu anayeulizwa saa.

"Watauliza nini?"

"Watataka kujua kama unanijua."

"Nikikosea?"

"Nitaondoka peke yangu. Wewe utabaki hapa."

Hapa palikuwa na vitanda vinane chumbani, madirisha yasiyofunguka, na mlango unaofungwa kwa ufunguo kabla jua halijazama. Mwanamke alijaribu kuogopa. Woga nao haukuja.

Mzee alitoa mkate kwenye kopo, akabandua ukingo mgumu pande zote nne, akampa sehemu laini. Ukingo akala yeye. Mwanamke alitafuna polepole. Tangu lini huyu anajua kwamba siupendi ukingo? Labda amebahatisha.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu, mama. Karibu, mzee," alisema karani.

Ofisa alikuwa kijana mwenye miwani na faili nene. Aliuliza taratibu, na mwanamke akajibu taratibu. Ureno, dagaa kumi na mmoja. Japani, ulimi. Peru, pilipili. Karani aliandika. Mzee alitazama mikono yake, lakini midomo ilikuwa ikimfuatisha kimyakimya.

"Vizuri sana," alisema ofisa. Akafunga faili. "Sasa la mwisho, mama. Katika vyakula vyote hivyo, kipi unakitamani leo?"

Hilo, daftari halikuwa nalo. Mwanamke alitafuta ndani yake, akakuta mahali patupu, pamefagiwa. Akakumbuka sala yake.

"Hakuna," alisema. "Sijui ladha ya hata kimoja. Maneno haya nimeyakariri asubuhi ya leo. Mwanangu, nisamehe, huyu mzee simjui."

Kalamu ya karani ilisimama. Mzee aliinamisha kichwa kama aliyetua mzigo mahali ambapo hakukusudia.

Ofisa hakukasirika. "Pamoja na hayo," aliuliza, "ungependa kwenda naye?"

Mwanamke alifikiri. "Amenibandulia ukingo wa mkate bila kuambiwa," alisema. "Nitakwenda."

Ofisa alimsogezea karatasi. "Basi andika hapo, kwa mkono wako: naondoka kwa hiari yangu."

Aliandika. Mkono ulikwenda wenyewe, haraka kuliko alivyotazamia. Alipofika neno la mwisho, mkia wa herufi y ulishuka mrefu, ukajikunja kushoto kama ndoana.

Akasimamisha kalamu. Akalivuta daftari, akalifungua kando ya karatasi. Yeye alikula kumi na mmoja. Yeye aliungua ulimi. Ukurasa baada ya ukurasa wa wino uliopauka, ndoana ileile, ikishuka mrefu, ikijikunja kushoto.

Alimgeukia mzee, ofisa na karani wakisubiri.

"Kesho nikikuuliza wewe ni nani," alisema kwa sauti, kila mtu akisikia, "nipe kalamu kwanza, kabla ya daftari. Nitakuamini. Naahidi."