Mjane Ndani ya Mfuko

Haya alinisimulia mke wa Clive, wiki ile tuliyomzika baba mkwe wake.

Siku ya nne ya kukaa hemani kando ya ziwa, alfajiri, Clive alimnasa Mjane, samaki mzee aina ya karpu, ambaye baba yake alishindwa kumnasa kwa miaka ishirini. Kwa wavuvi wa ziwa lile, samaki hupigwa picha, kisha hurudishwa majini upesi. Clive alimtia kwenye mfuko wa kuhifadhia samaki hai, akauzamisha ukingoni, akapiga simu hospitali alikolazwa baba yake.

Baba aliletwa saa nane mchana, kwenye kiti cha magurudumu.

"Yumo humo tangu lini?"

"Tangu alfajiri, baba. Nilitaka umwone."

"Kwa joto hili? Mpumbavu wee. Niteremshe."

Akaketi matopeni, akamshika Mjane wima majini, akimsukumasukuma taratibu.

"Haya bibi, nenda zako."

Mashavu ya samaki hayakufunguka. Alipomwachia, akageuka tumbo juu.

"Piga hiyo picha," baba alisema. "Si ndiyo uliyoniitia?"

Clive akapiga. Kisha akamlaza baba yake kitandani hemani, akamfuta ute wa samaki vidoleni, kimoja kimoja, mpaka akasinzia. Naye Clive akajilaza chini, kando ya kitanda, viatu miguuni, akalala.